Karani Aliyejifunza Kuiuliza Kompyuta

Mashamba ya mkonge yalipoanza kuuzwa, karani wa ofisi ya mashamba hayo mjini Tanga aliletewa kompyuta ya kutafutia majina ya vibarua. Alijifunza kuiuliza kwa kidole kimoja, macho mekundu, kila swali akilisindikiza kwa pumzi ndefu. Asubuhi moja alikuja bibi mmoja wa kijiji cha Maramba kumtafuta mwanawe Manase, mkata mkonge. Kompyuta ikajibu hayupo.

“Basi kafa,” bibi akasema, akajikaza kuinuka.

“Ngoja, bibi. Huenda nimeuliza vibaya.”

Karani akafuta, akaandika upya: Manase au Manasi, wa Maramba au ambaye kwao hakukuandikwa. Jina likatokea: yuko shamba la Pongwe. Bibi akalia kwa furaha. Karani hakutabasamu. Aliutazama mlango, akiwawaza wote waliokwisha kutoka kwa mlango huo baada ya swali lake moja tu, wakiamini wamefiwa.