Mtungi wa Gorofa ya Tano

Ruiru maji hukatika bila kuaga, kwa hiyo majirani hawakushangaa waliponiona ngazini na mtungi wa lita ishirini mgongoni. Walishangaa maji yaliporudi nami nikaendelea. Nilipanda na mtungi huo hadi gorofa ya tano, nikashuka nao, nikapanda tena, ukanda umekaza kwenye paji la uso jinsi mama yangu alivyobeba kuni. Mara nne kila asubuhi. Nina miaka hamsini na minane, nimestaafu kiwandani Thika, na nilikuwa nimejiandikisha kupanda Mlima Kenya.

Kikundi chetu cha wapandaji kilitaka fomu yenye sahihi ya jamaa wa karibu. Bila sahihi, hakuna safari. Jamaa ninaye mmoja tu, binti yangu ninayeishi kwake, naye alikuwa ameiweka fomu juu ya friji, wiki mbili sasa, bila kuigusa.

Miguu ilitii mapema. Kichwa ndicho kilichokuwa mbishi. Kila nilipofika gorofa ya tatu kiliniambia nikae chini, umri wangu ni wa kufuma sweta. Sijui kufuma sweta, wala sina haja ya kujua. Nilikijibu kwa hatua moja, kisha nyingine, polepole, maana kiongozi wetu alituonya kwamba mlimani anayekimbia ndiye anayeshushwa kwa machela.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa langu la zamani, kule Makongeni, walibisha hodi. Walikuwa sita, wamebeba unga, sukari na mkate. Waliimba wimbo mmoja, kisha mwenyekiti wao akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Dada, mbona hukutuambia? Tumesikia siku hizi unabebea wapangaji maji kwa ploti."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikawatolea viatu vyangu vya mlimani, nikawaambia najiandaa kupanda Mlima Kenya.

"Haiya! Wewe? Huko si watu hufa na baridi?"

"Na kwa kitanda, hawafi?"

Mmoja akasema Mungu husikia maombi hata mtu akiwa Makongeni, si lazima apande mlima. Hapo nilikasirika kweli. Nikamwambia siendi kuomba kitu. Naenda kutumia miguu aliyonipa kabla hajaichukua. Waliniombea hata hivyo, kwa muda mrefu, nusu ya maombi ikiwa mahubiri. Unga waliuacha, nami niliupika. Mpanda mlima hula.

Walipoondoka, binti yangu alibaki amesimama mlangoni.

"Mum, umeona? Si mimi peke yangu naogopa."

"Ogopa. Lakini sign."

"Nilizika dad juzi tu. Sitaki kukuzika na wewe."

"Dad alikufa hapa kwa kochi, akingoja habari ya saa moja. Kuna mlima ulimuua?"

Alilia. Nami nililia, lakini sikurudi nyuma hata hatua moja.

"Na wakiniuliza kwa nini nilikuachilia, nitasema nini?"

"Sema hukuniachilia. Sema nilienda."

Alipangusa macho. Kisha akaitoa fomu juu ya friji, akatafuta kalamu, akaandika jina lake na nambari ya simu. Palipoulizwa uhusiano wake na mpandaji, aliandika: mtoto wake.