Balozi Aliyekubali Hapana

Kwanza niseme kwamba hakuwa balozi. Cheo chake halisi kilikuwa na maneno mengi, na kila neno lilipunguza kidogo ukubwa wa lile lililotangulia. Lakini hapa Bujumbura, mzungu mwenye tai, bendera ofisini na gari la namba za kibalozi ni balozi, na yeye, kwa adabu zake, hakumsahihisha mtu. Alikuwa Mcheki. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili vya nyumba ya kupanga, na wafanyakazi wake wote nilikuwa mimi: katibu, mkalimani, na mtu wa kuwaeleza wageni kwamba visa haitolewi hapa.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ujana wangu uliishia kwao. Nilipelekwa huko kusomea kilimo, enzi ambazo wao na Waslovakia walikuwa bado nchi moja, nikarudi nyumbani nikijua Kicheki safi na namna ya kukinga mimea dhidi ya theluji. Kwa miaka mingi hakuna aliyehitaji kimoja wala kingine.

Historia ya kazi yake alinisimulia mchana baada ya mchana, maana simu ya ofisi ilikuwa haina tabia ya kulia. Alianza akiwakilisha nchi moja. Asubuhi moja akaarifiwa kwamba sasa anawakilisha kipande chake, basi akabadilisha kibao cha mlangoni na kuendelea na chai. Alihamishwa bara hadi bara, na kila kituo alichofika alikuta mtangulizi wake amemwachia ua lililokauka na hotuba ya sikukuu ya taifa iliyohitaji kubadilishwa jina la mji tu. Aliomba kuonana na mawaziri, akaambiwa wana shughuli. Alipendekeza mikataba, akaambiwa si sasa. Sijapata kuona mtu anayekataliwa vizuri namna ile. Aliinamisha kichwa, akashukuru kwa muda aliopewa, akasema anaelewa kabisa, kisha akatoka na kufunga mlango bila sauti. Aliniambia kwamba diplomasia yenyewe ndiyo hiyo, kwa sababu kukubaliwa hata mjinga anaweza.

Siku za Jumamosi nilimsindikiza sokoni Jabe, mtaa nilikokulia, ambako mama yangu aliuza vitenge mpaka magoti yalipomshinda. Muuzaji alitaja bei, balozi wangu akataja ya chini, muuzaji akasema, "Apana, muzee." Naye akamshukuru na kwenda zake. Alikwenda kweli! Wauzaji walimkimbilia hadi kwenye gari, wakiwa na nyanya mikononi na machozi ya karibu, wakamwachia kwa bei yake. Jabe nzima ikaafiki kwamba yule mzungu ni mkali, hababaishwi na mtu, amekubuhu. Mwenyewe hakuelewa kwa nini watu wa kwetu hubadili mawazo haraka hivyo. Akina mama wa mchicha walimuuliza mke yuko wapi, akawajibu kwa Kiswahili alichookota hapo hapo kwamba hakupata kibali. Walicheka, nami nikacheka, nikidhani ni mzaha wa watu wa ofisi.

Basi mwanangu akataka kuoa.

Binti alikuwa wa Gihosha, kule juu kwenye nyumba zenye upepo. Walisoma pamoja, na alimsubiri mwanangu kipindi chote kijana alipokuwa akizunguka na vyeti vyake kama mtu anayeuza njugu. Tatizo lilikuwa baba yake, mstaafu wa forodha aliyefanya kazi mpakani Gatumba maisha yake yote na bado alikutazama kama mtu aliyeficha sukari chini ya kiti. Kulikuwa na mwingine aliyekuwa akimuulizia binti huyo, mwenye duka la vipuri, mnene na tayari. Baba alitupa siku moja ya kuja kuposa. Isipofaa, alisema, yeye hana umri wa kupokea wageni kila wiki.

Kwetu mtu haombi mke kwa mdomo wake, wala baba yake haombi. Anayeomba ni msemaji wa ukoo, mtu wa maneno, naye hukabiliana na msemaji wa upande wa pili mbele ya watu wote, huku sisi wengine tukikaa kimya na kutoa jasho ndani ya makoti. Msemaji wetu alikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye amewaozesha nusu ya vijana wa Jabe. Siku yenyewe, asubuhi, akapiga simu kutoka Rumonge. Mafuta ya gari hakuna. Alikuwa amepanga foleni na dumu lake tangu jana, na foleni ilikuwa imesonga kiasi cha kumfanya aone kibao cha kituo.

Balozi wangu alikuwa amealikwa kama pambo. Pia, nisifiche, alialikwa kama tangi la mafuta, maana gari la kibalozi halikukosa petroli. Mke wangu alimtazama akishuka garini na suti yake nyeusi, kisha akanigeukia.

"We muzee, kazi ya huyu mutu si kusemea wengine? Serikali yao inamulipa kwa nini?"

Basi nikamwomba balozi awe msemaji wetu. Nilimweleza balozi taratibu zote: pa kukaa, wakati wa kusimama, nani wa kusalimiwa kwanza, kreti za bia na fanta ziingie lini. Alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Hakuna aliyefikiri kumweleza kwamba wenyeji watakataa. Jambo hilo halielezwi. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba mzazi akiombwa binti husema hana binti, na kwamba mzazi anayemtoa mara moja anamtukana mwanawe.

Kwa heshima ya mgeni, msemaji wao alikubali kutumia Kifaransa. Alikuwa mwalimu wa zamani, mwenye tumbo na sauti, na alimtazama balozi wetu kama mtu aliyeletewa chakula kizuri. Balozi akasimama. Alizungumza vizuri mno, lazima niseme ukweli. Alisifu nyumba, akasifu ukoo, akasema tumesikia kuna ua katika bustani hii. Wajomba wa binti wakatikisa vichwa kwa ridhaa. Nikaanza kupumua.

Msemaji wao akasimama, akajishika tumbo, akatangaza kwa majonzi makubwa kwamba tumepotea njia. Nyumba hii haina msichana wa kuolewa. Hajawahi kuwepo, na hata angekuwepo, asingekuwa wetu. Kisha akakaa, akisubiri utamu uanze.

Balozi akainamisha kichwa. Alishukuru kwa muda tuliopewa. Alisema tunaelewa kabisa msimamo wa familia, na kwamba uamuzi huo hautapunguza uhusiano mwema uliopo. Akampa mkono baba wa binti, akampa mkono msemaji, akampa mkono kila mjomba, na akatoka.

Msemaji akitoka, ujumbe unatoka. Huo nao ni utaratibu, na ukoo wetu unazishika taratibu. Tulinyanyuka mmoja mmoja kama watu walioambiwa kuna moto lakini wasikimbie. Mwanangu alikuwa wa mwisho. Vijana wetu wakabeba tena kreti walizokuwa wameziteremsha. Nyuma yetu yule mwalimu alibaki amejishika tumbo, kwa sababu katika miaka yake yote ya kukataa, hapana yake haikuwahi kukubaliwa.

Barabarani mke wangu alikaa kwenye jiwe na kuniangalia kwa namna ambayo bado ananiangalia nayo mara moja moja. Mwanangu hakuniangalia kabisa. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nikamshika balozi mkono, nikamweleza kwa Kicheki, polepole, kwamba ile ilikuwa hapana ya heshima. Walitaka tubaki. Walitaka tuombe tena na tena, ili binti asikie anavyotakwa.

Alisimama akiegemea mlango wa gari. Rangi yote ilimtoka, na hakuwa na nyingi ya kuanzia. Akaniambia kwamba alipokuwa kijana, katika kituo chake cha kwanza, aliomba kumwoa msichana wa huko. Baba wa msichana alimjibu kwamba binti bado mdogo, na kwamba watu wa kazi hiyo hawakai mahali.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nilimshukuru."

Akafunga vifungo vya koti, akageuka na kurudi ndani bila kutungojea. Hakubisha hodi. Tulipomfikia alikuwa ameketi kwenye kiti chake kile kile, mikono juu ya magoti, na wajomba wote wakimtazama. Mwalimu, ambaye kazi yake ni kazi yake, akajikusanya, akasimama na kurudia kwamba hapa hakuna msichana.

Balozi hakusimama. Aliacha Kifaransa chake chote na kujibu kwa Kiswahili cha Jabe.

"Mi siendi."

Wakamwambia binti yuko masomoni. Mi siendi. Wakamwambia amevuka ziwa. Mi siendi. Wakamwambia ameingia utawa. Hapo chumba kizima kilikuwa kimeanza kucheka, na baba wa binti, yule mtu wa Gatumba, akafuta macho kwa kitambaa.

"Pale mpakani nimeambia watu apana maisha yangu yote," akasema. "Akuna hata mumoja alirudi kwake. Nyinyi mulipotoka hivi, bamwana, nikasema basi, kumbe mutoto yangu hawamutaki."

Hiyo bamwana aliniambia mimi, na ni neno la kuitana wazazi ambao watoto wao wameoana. Nusura nimkumbatie mtu wa forodha.

Binti akaletwa. Alikuwa amepambwa vizuri, lakini macho yake yalikuwa yamevimba, na poda haikusaidia. Kabla ya kumsogelea mwanangu alikwenda kwa balozi, akapiga goti, akamsalimia.

"Nilikuwa nyuma ya mulango," akamwambia. "Nikasikia gari inawaka. Nikalia."

Akaenda zake kwa mchumba wake, na vigelegele vikaanza. Kreti zikaingia kwa mara ya pili. Balozi alipewa bia ya kwanza, akaishika bila kuinywa, yeye ambaye Bujumbura haikuwahi kumkosea ila kwa bia vuguvugu. Mwishowe akaniinamia na kuniuliza kwa Kicheki, kwa sauti ndogo, kama nadhani yule msichana wa kituo chake cha kwanza naye alikuwa nyuma ya mlango.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikamwambia anywe, bia inapata moto.