Sarafu Iliyonyamaza Jikoni kwa Hermelinda

Kila Desemba, siku ya kupika tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi vinavyoivishwa kwa mvuke, Hermelinda Arizpe alisimama katikati ya jiko lake na kijiko cha mbao mkononi kama mtu aliyeshika rungu, akatangaza: "Mwenye hasira atoke nje! Tamale haziivi penye roho chafu." Na kila Desemba mtu mwenye hasira kuliko wote jikoni humo alikuwa yeye mwenyewe. Nani angemtoa? Nyumba yake, sufuria yake, kijiko chake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene. Miaka mingi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli za San Antonio, Marekani, ilimwachia mabega ya mpiga ndondi na kikohozi cha mvuke. Alitoka Nueva Rosita, Meksiko, akiwa msichana, na mama yake alimpa kitu kimoja cha kukumbuka: sarafu ya shaba ya senti ishirini, kuukuu, isiyonunua hata pipi. Sarafu hiyo ilikaa chini kabisa ya sufuria ya tamale, ndani ya maji, chini ya wavu. Maji yakichemka, inarukaruka na kugonga: tiki, tiki, tiki. Ikinyamaza, maji yamekauka, kimbia ukaongeze. Sufuria hiyo haifunuliwi ovyo, mvuke utatoroka, kwa hiyo macho hayana kazi pale. Kazi ni ya masikio.

Mwaka ule walikuwa watatu mezani, wakipaka unga uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe juu ya maganda ya mahindi yaliyolowekwa: Hermelinda, mdogo wake Obdulia, na Nereida, binti wa pekee wa Hermelinda, anayefanya kazi kwa daktari wa meno na kuishi kaskazini mwa mji, mtaa ambao ni marufuku kupaka nyumba rangi uipendayo. Sufuria ya kwanza ilikwisha telekwa jikoni. Sarafu ilikuwa inagonga vizuri.

"Mama," alisema Nereida bila kuinua macho, "mwaka huu mkesha wa Krismasi ni kwangu."

Kijiko kilisimama hewani. "Kwako wapi?"

"Kwangu nyumbani. Tutakula mapema, watoto walale, asubuhi wafungue zawadi wakiwa na nguo zao za kulalia. Kama wenzao."

"Kama wenzao!" Hermelinda alimwiga kwa sauti ya puani. "Na Mtoto Yesu atalazwa horini na nani? Curtis?"

Curtis alikuwa mume wa Nereida, mtu wa Ohio, mpole kiasi kwamba mama mkwe wake hakupata pa kumshika, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Curtis ataoka paja la nguruwe."

"Lenye nanasi juu. Paja au keki?"

"Mimi nanasi nalipenda," alisema Obdulia.

"Wewe ungekula hata kofia ya Curtis. Nyamaza."

Hermelinda hakuwa anagombania chakula. Sikukuu zake zilikuwa zimeondoka moja moja, kama kuku wanaoibwa bandani. Siku ya wafu watoto wa Nereida walivaa vinyago vya mizimu wakaenda kuomba peremende milangoni mwa watu. Siku ya Mamajusi, Januari sita, ilikuwa siku ya shule. Ule mkesha tu ndio ulibaki: nyumba imejaa, zawadi zinafunguliwa usiku uleule, na yeye ndiye anayembeba Mtoto Yesu wa udongo hadi horini. Akiutoa huo, angebaki nini? Bibi wa kutembelewa Jumapili.

"Damu ya Nueva Rosita unaionea aibu," alisema.

"Sioni aibu, nimechoka!" Nereida aliutupa mwiko wake mezani. "Kila mwaka nawabeba watoto wamelala, naendesha gari nusu usiku, asubuhi wanaamka wanalia kwamba mti wetu hauna kitu chini yake. Na wewe usijifanye Mmeksiko wa makumbusho. Mwezi uliopita hapa umepika bata mzinga wa sikukuu ya shukrani ya Wamarekani! Umempaka pilipili nyekundu, ukamwekea maharage ubavuni. Ukichanganya wewe ni upishi, nikichanganya mimi ni usaliti?"

"Yule bata nilimfundisha adabu! Wewe umefundishwa na nani?"

"Na wewe!"

"Haya, mayowe hayo yanaingia kwenye sufuria," alionya Obdulia.

"Yaingie! Tena tuweke dau." Hermelinda alimwelekezea binti yake kijiko kifuani. "Tamale hizi zikiiva, mkesha unabaki hapa mpaka mnizike. Zikitoka mbichi, nitakuja kukaa kwenye meza yako."

"Nimekubali," alisema Nereida, upesi mno.

"Angalia anavyokubali! Anaziombea ubichi!"

Hapo ndipo yalipofumuka. Harusi ya Nereida iliyofanywa kwa Kiingereza kitupu. Majina ya watoto ambayo bibi yao hawezi kuyatamka. Mazishi ya mzee Fidencio, mume wa Hermelinda, ambako Nereida aliondoka mapema. Kila mmoja alichokonoa kidonda cha mwenzake kama anayetafuta mwiba, na Obdulia akawa anapaka unga haraka haraka, kichwa chini, kama aliyenyeshewa mvua.

Ni pua yake iliyoshtuka kwanza. "Nini hicho kinachoungua?"

Wakanyamaza. Jiko lote likasikiliza. Hakuna tiki. Sarafu ilikuwa imenyamaza zamani, na hakuna aliyejua tangu lini.

Hermelinda alifunua. Moshi ulimpiga usoni. Tamale za chini zilikuwa makaa. Za juu zilikuwa bado mbichi, unga wake ulinata kwenye ganda kama gundi.

"Jungu kuu halikosi ukoko," alisema Obdulia taratibu, "lakini hili limezidi."

Kisha, kwa kuwa hivyo ndivyo mama yao alivyofanya, akachana ganda moja nyuzi nyuzi na kuzifunga kwenye masikio ya sufuria. "Tutie maji. Mwenye hasira aizunguke akicheza, itatulia. Za juu zitaokoka."

"Cheza, Mama," alisema Nereida.

"Mimi sina hasira!" alisema Hermelinda, kwa sauti iliyowafanya mbwa wa jirani wabweke. "Cheza wewe uliyeleta nuksi."

Hakucheza mtu. Nereida alichukua mkoba wake. Hermelinda alinyanyua sufuria peke yake, akakwangua kwa kisu kila kilichokuwamo, akakitupa kwenye pipa la taka, akafunga kifuniko kwa kishindo. Gari la taka lilipopita kesho yake ndipo alipokumbuka kilichokuwa kimegandia kwenye ule ukoko. Hakumwambia mtu.

Mkesha, jioni mapema, alifika kwa Nereida amevaa lile gauni jeusi la mazishi ya Fidencio, sufuria imejaa tamale mbichi za unga uliosalia. Obdulia alifuata nyuma amembeba Mtoto Yesu ndani ya taulo.

"Karibu, mama," alisema Curtis kwa Kihispania alichokariri.

"Nimelipa dau, sikukaribishwa," alijibu Hermelinda, akampita. Paja lilikuwa mezani, linang'aa, nanasi zake zimejipanga. Alilitazama kama mtu anayemtazama mdeni.

"Usiiweke hapo, Mama, lile jiko ni la kioo," alisema Nereida. "Utanivunjia."

"Likivunjika utanunua la watu wazima."

Aliitua. Jiko halikuvunjika. Nereida alisogea na jagi la maji, akamimina kupitia ukingoni, kisha akasimama kungoja. "Sarafu iko wapi?"

Hermelinda alishughulika na kifungo cha gauni lake.

"Mama. Sarafu ya bibi."

"Nimeitupa."

Obdulia alijishika mdomo. Nereida angeweza kucheka. Alikuwa na haki yote, na mama yake alikuwa amekwisha kaza shingo tayari kwa kicheko hicho. Hakucheka. Alikwenda mlangoni, kwenye bakuli ambamo Curtis huweka funguo, akachakura, akarudi na sarafu ya robo dola. Akainua ubavu wa wavu kwa uma, akaidondosha ndani, akafunika.

Walisimama kila mmoja upande wake wa jiko, mikono kifuani, hawatazamani. Sebuleni watoto waliuliza tutakula lini. Mwishowe chini kabisa kukaanza kitu: tik, tik-tik, nyembamba, ya haraka kuliko ile ya shaba.

"Hiyo inalia Kiingereza," alisema Hermelinda.

"Iache ilie, na wewe nyamaza uisikie."

Hermelinda alivuta kiti cha karibu na sufuria. Akakaa. Akainamisha sikio.