Kabati la Mama na Kona ya Korido

Jumapili mchana duka la kinyozi hufungwa mlango wa mbele na pazia huteremshwa, na anayepita nje hudhani wenyewe wamekwenda kulala. Wapo. Wako chumba cha nyuma, watu wazima wenye mvi zao, wameinama juu ya meza na mikono wameifunga mgongoni kama wanafunzi waliokosea, wanatazama nyumba ya matofali ya plastiki, yale ya watoto ya kubandikana. Mikono mgongoni ndiyo sheria yao. Kazi ya mtu haiguswi mpaka mwenyewe aseme "gusa". Ruhusa ni kutazama, kusifu, kuponda na kushauri, basi.

Pazia hilo la dukani lilishonwa na mmoja wao. Wanamwita Dada Pazia, na kazi yake ndiyo hiyo: hupima madirisha ya watu, hukata kitambaa, hushona, kisha huenda kutundika mwenyewe. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Kinyozi humwambia kuna siku ataoga nayo.

Alivyoingia kwenye kundi lao ni hivi. Alikuja kupima dirisha la duka, akaona mnara mezani, akauliza, "Huu wa mwanao?"

"Wangu," akasema Kinyozi, amekaza uso kama mtu anayengoja kuchekwa.

Hakucheka. Aliutazama mnara, akasema umeinama kushoto. Kinyozi akashusha uzi kutoka kileleni, na kweli mnara ulikuwa umeinama kushoto. Tangu hapo kiti cha tatu kikawa chake. Cha pili ni cha Mzee wa Posta, mstaafu, ambaye hujenga madaraja tu, hajengi kingine, na huongea kama mtu anayebandika stempu: neno moja, anakandamiza, anatulia, ndipo analeta lingine.

Sasa Jumapili hii Dada Pazia alikuja amekumbatia boksi, uso wake hauna habari njema. Akalitua mezani, akatoa kitu kirefu chenye kona, hakina paa.

"Bomba la maji machafu," akasema Kinyozi.

"Korido ya kwetu. Ngazi hizi hapa, zinapanda moja kwa moja. Hii boriti ya zege hapa juu, unaijua."

"Naijua sana. Ilinigonga siku niliyokuletea kile kiti. Paji la uso hili bado linaikumbuka."

"Ukimaliza ngazi unashika korido, unafika konani, unakata kulia, mlango wangu huo." Akatoa kitu cha pili, kimesimama wima kama mlinzi. "Na hili ni kabati la mama."

Mikono ikaenda mgongoni. Wakainama.

Habari za kabati lile walikuwa wanazijua kidogo, leo akawapa zote. Mama yake anaishi peke yake. Tangu ateleze bafuni akakaa sakafuni mpaka jirani alipomsikia, watoto wake hawana raha. Wamembembeleza ahamie kwa binti yake, akakataa, wakambembeleza tena, mwishowe akakubali kwa sharti moja: kabati lake la nguo liende naye. Si kwamba lina historia kubwa. "Vitu vyote vya nyumba hii alichagua baba yenu," alisema kwenye simu. "Hili nililichagua mimi. Tumezoeana." Dada Pazia akamwambia watamnunulia lingine. "Hilo lingine wekeni nguo zenu," akajibiwa.

Ni kabati la mbao nzito, halina skrubu hata moja. Limegundishwa na kupigwa misumari kana kwamba aliyelitengeneza alikuwa na ugomvi nalo, kwa hiyo ukiacha milango na droo, huwezi kulifungua vipandevipande. Kaka yake mkubwa akasema likatwe katikati kwa msumeno, kisha fundi aliunganishe huko juu. Mama akasikia. "Mwambie kaka yako," akasema, "aanze kukatwa yeye."

"Gari limekodiwa la Jumamosi," Dada Pazia akawaambia wenzake. "Leo jioni kaka anataka jibu. Linapita ama halipiti. Kama halipiti, mama habanduki pale, ninavyomjua. Ataendelea kuishi na lile bafu."

"Wewe umeonaje?" akauliza Kinyozi.

Badala ya kujibu akawaonyesha. Kinundu kimoja cha tofali, vile vivimbe vya juu vinavyoshikana, alikihesabu kuwa sentimita kumi. Kabati lina mita mbili kwenda juu, upana mita moja na ishirini, kina sitini. Akalipandisha ngazi likiwa wima. Likagonga boriti. Akalirudisha, akalilaza ubavu, akalipandisha, likapita chini ya boriti vizuri kabisa, likaingia korido. Likafika kona. Akalizungusha polepole. Kichwa kikagusa ukuta wa mbele, mkia ukagusa ukuta wa nyuma, na pale katikati ubavu ukalala kwenye pembe. Likakwama kama mfupa kooni.

"Jana nimelijaribu mpaka vidole vimeota sugu," akasema, akaketi, akashika tama.

Kinyozi hakutaka kukubali haraka. Yeye ni mtu wa kutoa ushauri kwanza, kufikiri baadaye. Hata kichwani mwa mteja ndivyo anavyofanya. Akasema lipandishwe kwa kamba, lipitie dirishani.

"Dirisha lina nondo. Nimelishonea mwenyewe, nalijua."

"Jirani wa konani avunje ukuta kidogo."

"Wewe ndiye utakayemwambia?"

"Basi mama akae kwangu. Mimi niko chini."

"Mkeo je?"

Kinyozi akajikuna shingo, akasema ushauri ule aufute.

Mzee wa Posta alikuwa bado ameinama. Hakuwa anatazama korido. Alikuwa anatazama kabati, jicho moja amelifumba. "Naomba kugusa," akasema.

"Gusa, mzee."

Akalichomoa kabati pale konani, akalilaza juu ya bamba tupu lililokuwa mezani, lile la kijani lililojaa vinundu. Akaweka ukucha kwenye kinundu cha kwanza, akaanza kutembea nao pembeni mwa kabati, midomo inacheza. Kinyozi akafungua mdomo aseme jambo, akafinywa na Dada Pazia. Ukucha ukafika mwisho.

"Kabati lina mita ngapi?"

"Mbili."

"Vinundu vingapi?"

"Ishirini, mzee. Nimepanga matofali ishirini, nimehesabu mara mbili."

"Hapa chini," akasema, "nimepata ishirini na vinne."

Dada Pazia akamtazama. Akalitazama kabati. Kisha akaweka viganja viwili usoni, na mabega yakaanza kutikisika, na Kinyozi akadhani analia mpaka aliposikia kicheko.

Kosa lenyewe ni la kitoto, na ni wajenzi wa matofali tu wanaoweza kulifanya. Tofali hilo ukilitazama unadhani ni sawa kila upande, kumbe kimo chake kimezidi upana wa kinundu. Ukipanga matofali matano kwenda juu, ni sawa na vinundu sita kwenda kando. Tano juu, sita kando: Kinyozi huwaimbia hivyo wageni wote wanaokuja kujaribu, kabla hata hawajaketi. Dada Pazia mwenyewe ameshawahi kumsuta mtu kwa hilo. Lakini jana alikuwa anajenga tepu ikiwa shingoni na mama yake akiwa moyoni, akahesabu kama fundi wa mapazia. Kwenye kitambaa, sentimita ni sentimita, uende juu uende kando. Likisimama, kabati halikuonyesha kosa, kwa sababu boriti nayo aliipandisha kwa hesabu ileile. Lilipolazwa ndipo likawa refu bure.

"Umemrefushia mama kabati," akasema Kinyozi. "Lina karibu nusu mita ya nguo ambazo hana."

"Na wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Mimi? Mtu anakuja na tepu shingoni, nimwambie amekosea kupima?"

Wakalibomoa kichwa, wakalijenga upya. Mita mbili kamili inataka matofali kumi na sita na vibamba viwili, vile vyembamba ambavyo vitatu hufanya tofali moja. Kinyozi akavitafuta kwenye makopo yake, akakosa rangi ya kahawia, akatoa vya waridi. Kabati likapata kilemba cha waridi. Dada Pazia akalipandisha ngazi kwa ubavu, akalipitisha chini ya boriti, akalifikisha kona. Akapumua. Akalizungusha, na likazunguka mpaka likatazama mlango wake, halikugusa ukuta wowote.

Hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi alisema tu, "Rudia."

Akarudia. Likapita.

"Vidole," akasema Mzee wa Posta.

"Vidole gani?"

"Vya wabebaji. Kabati haliendi lenyewe. Mkono nao una unene."

Basi wakalibandika vibamba ubavuni, huku na huku, kuwa vidole vya watu, na Kinyozi akataka kujua kama vimehesabiwa vidole vyake au vya mtu wa kawaida. Safari hii lilipita kwa kunong'ona, nafasi iliyobaki huwezi kupenyeza hata ukucha, lakini lilipita.

Dada Pazia akapiga simu palepale.

"Linapita, kaka."

"Umejuaje?"

"Nimelipitisha."

"Lini? Si liko huku?"

"Sasa hivi. Hapa kwa Kinyozi."

"Wale wa matofali ya watoto?"

"Hao hao."

"Nitakuja na msumeno," akasema kaka yake, "tuwe nao tu."

Jumamosi kabati likashushwa mlangoni, milango yake imetolewa na droo zimetolewa, na bado lilikuwa zito kama limebeba watu. Kaka mtu akashika mbele, Kinyozi nyuma, na wapagazi wawili wa gari katikati. Mzee wa Posta alikuja na mto wa kochi, akasema ni wa kuweka kwenye boriti, kwa ajili ya Kinyozi. Mama akawekewa kiti chini ya ngazi, akaketi na mkoba magotini, akawa anasikiliza.

Likapanda. Boriti likaipita. Kaka mtu akaanza kusema jambo kuhusu wanasayansi wa plastiki, lakini pumzi haikumtosha kulimaliza. Dada Pazia alikuwa amesimama konani anatoa amri kama trafiki.

"Kichwa kiingie kwanza. Zaidi. Sasa mkia uje huku, taratibu, taratibu."

Likasimama.

"Sukuma."

"Tumesukuma, dada. Haliendi."

Dada Pazia akainama, akatazama kichwa, akatazama mkia, akavuta tepu shingoni, akapima asijue anapima nini. Kaka yake alikuwa anamtazama tu.

"Kimya hicho ni cha nini?" sauti ya mama ikapanda ngazi.

"Tunapumzika, mama."

"Mkipumzika semeni mnapumzika. Msininyamazie."

Dada Pazia akapiga magoti kabisa. Ndipo akaiona, huko chini, nyuma ya mguu wa mpagazi: rafu ya viatu ya jirani, ya ngazi mbili, imejibana ukutani miaka yote hata macho yameizoea. Kwenye korido yake ya matofali haikuwemo. Nani angejenga viatu vya jirani?

Akagonga mlango, akaomba radhi. Jirani akatoka, akaona kabati linamchungulia usoni, akaibeba rafu yake ndani na viatu vyake bila swali. Kinyozi akasukuma. Mbao zikakwangua ukuta kidogo, mstari mwembamba wa chokaa ukadondoka sakafuni, kisha uzito wote ukalegea kwa pamoja na kaka mtu akajikuta anarudi kinyumenyume kuingia nyumbani kwa dada yake, kabati likimfuata.

"Sasa semeni," mama akauliza huko chini.

"Limeingia, mama," akasema kaka mtu, na alisema yeye mwenyewe.

Walipokwisha kurudisha milango na droo, mama akawashukuru mmoja mmoja, akawaambia wakanywe chai sebuleni, akafunga chumba. Siku zote alizowahi kuja kwa binti yake alikuwa mtu wa begi: begi lake hukaa juu ya kiti, zipu wazi, akachomoa kanga moja, akairudisha, na asubuhi moja ukaamka ukakuta zipu imefungwa na yeye amevaa viatu.

Dada Pazia alikaa sebuleni na kikombe mkononi, hasikii utani wa Kinyozi na kaka yake ambao sasa walikuwa wanabishana kuhusu nani alibeba upande mzito. Alikuwa anasikiliza chumbani. Henga ikateleza kwenye fimbo ya chuma. Nyingine ikafuata. Nyingine. Kisha mlango ukafunguka, mama akatokea amekunja begi tupu mara nne.

"Hili," akasema, "mnaweka wapi vitu msivyovitumia?"