Kadzama kwa Mzee Asiyekunywa

Nilitoka Magarini kwa sababu moja. Mpwa wangu Kahindi alitaka kumuoa Sidi wa Kaloleni, nami mjomba wake nikatumwa kupeleka kadzama, ule mnazi wa posa ambao wazee wa ukoo hawatoi baraka bila huo. Kwamba babake Sidi, Mzee Charo, ndiye aliyeanzisha kanisa la Wamormoni kijijini kwao, Kahindi hakunieleza. Aliogopa nitakataa kwenda, mjanja yule.

Kilifi nilishuka kununua sukari na majani ya chai, maana ukweni sikutaka kufika mikono mitupu. Kaloleni nikajaza dumu la mnazi, nikapanda kilima kwa miguu, furaha yangu kama mimi ndiye bwana harusi.

Mama Sidi alinipokea barazani, kwenye mabenchi ya ibada. Alipoona zawadi alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Baba, vyote umetuletea! Kwa imani yetu chai hatunywi, na mnazi ndio kabisa. Chetu hapo ni sukari tu."

Nilishikwa na haya, lakini aliniletea dafu, akanisimulia habari za mumewe. Alikuwa mgema hodari. Alipoipata imani kwenye vibarua vya Mombasa, alirudi akaitundika ukutani kotama yake, kile kisu cha kugemea, hakugema tena.

"Jumapili ya kwanza ya kanisa tulikuwa mimi, yeye, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akaona haya kuondoka."

Wagema walimcheka. Lakini hadi leo, Jumapili ya mwanzo wa mwezi, waumini wake hufunga, na chakula wasichokula yeye humpelekea asiyenacho, hata kama ni mlevi wa kilabuni. Aliyebaki na kinyongo ni kakake, Mzee Katana, mkubwa wa ukoo. Alisema anayekataa kata yake ya mnazi amemkataa yeye, na tangu hapo hawakuketi pamoja. Bila Katana, hakuna harusi.

Jioni Mzee Charo alirudi kutoka shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe wangu."

Akalitazama dumu. Nilijua posa imekwisha, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Kahindi. Mara mzee akainama, akalitia dumu begani mwenyewe.

"Twende. Kadzama hii ni haki ya kaka."

Mzee Katana alikuwa mlangoni kwake. Alipomwona nduguye alisimama ghafla.

"Charo! Wewe na mnazi?"

"Mnazi nimeuacha, kaka. Wewe sijakuacha."

Katana macho yalimjaa machozi. Kisha akavuta kigoda, akamkalisha nduguye karibu naye. Yeye alikunywa mnazi, Charo akanywa maji, na baraka ikatoka kwa vicheko.

Kesho yake nilirudi Magarini na habari njema, pamoja na majani yangu ya chai. Nilidhani mwenye kuanzisha kanisa ni mtu wa kukataza watu tu. Siku hizi kila nikinywa chai ile namkumbuka mzee aliyebeba begani kitu asichokionja, ili akaketi tena na kaka yake.