Koti la Mlimani

Adeer, yaani ndugu wa baba yangu, alirudi Garissa na nyundo moja na koti zito la sufu. Kwa miaka mingi alikuwa akitembea kwa miguu kwenye reli inayopanda mlima kule bara, akigonga vyuma na kukaza nati kabla treni haijapita. Treni zilipoacha kupanda, akaachishwa kazi. Nyundo ikawa ya kugongea vigingi vya zizi. Koti likaingia sandukuni, maana kwa joto letu nani angelivaa?

Baada ya swala ya alasiri alinihesabia madaraja ya reli ile, kutoka bondeni hadi juu, kama tunavyohesabu abtirsi, majina ya baba zetu mmoja baada ya mwingine. Kwetu mtoto akiruka jina anachekwa. Kwa hiyo nilipomrudishia hesabu yake sikuruka daraja.

Kisha redio ikatangaza kwamba wenye reli hawajaamua: waing'oe iuzwe kama chuma chakavu, au waiache, pengine watalii wapandishwe kutazama mandhari. Mwenye maoni aandike kabla ya mwisho wa mwezi. Adeer hajui kuandika. Mimi niliacha shule mapema, Kiswahili nikajifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari. Akanichagua mimi, na usingizi ukanitoka.

"Adeer, andika," akasema. Kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa. "Waambie wasing'oe. Na uyataje madaraja yote kumi na moja."

"Yote? Wao si wanayajua?"

"Wangeyajua, wangeuliza swali hilo?"

Nakala ya kwanza niliimaliza siku ile ile, ikamwagikiwa chai. Nikaandika nyingine, mistari ikapanda juu. Katika ya tatu, neno "heshima" lilionekana limelewa. Kila asubuhi basi la Nairobi liliondoka, na kila asubuhi nilimwambia, "Bado kidogo, adeer." Nakala ya saba ilikuwa safi kama kanzu ya Idi. Nikaisoma mara ya mwisho: daraja la tisa, lile ambalo mawingu hupita chini yake, nimelitanguliza mbele ya la nane. Nikaanza upya. Siku hiyo mvua ikaanza. Barabara ikakatika, mabasi yakakoma, na mwezi ukaisha barua zote ziko chini ya godoro langu.

Nilimkuta zizini, nikamwambia yote huku nalia. Mvua haikuwa sababu; nilikuwa na siku kumi kabla yake. Niliogopa watu wa ofisini watacheka mwandiko wangu.

Akapangusa nyundo.

"Unajua kazi yangu ilikuwa nini? Kukaza nati iliyolegea, ile ambayo ingeangusha treni. Iliyopinda kidogo tu niliiacha. Ningesema nizinyooshe zote, treni ingekuwa bado imesimama bondeni. Lete ile yenye chai."

Basi la kwanza liliporudi, aliipeleka posta mwenyewe, amevaa koti. Jasho lilimtiririka. Sokoni wakamcheka.

"Mzee, baridi iko wapi?"

"Inakokwenda barua hii."

Jibu halijaja, na redio haijaitaja reli tena. Huenda tulichelewa, huenda vyuma vimeshapakiwa. Hilo nalibeba mimi. Lakini koti hakulirudisha sandukuni. Linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na kila Ijumaa hulikung'uta vumbi.