Mbuzi wa Jumapili ya Mwisho

Reli ilipofika Morogoro, vibarua walikuwa wametoka kila upande, na kila kambi ilikuwa na kikosi chake cha kuvuta kamba: Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo, na Waluguru wa Kinole. Jumapili, siku ambayo Mdachi hakuwapeleka kazini, walishindana uwanja wa Mwembesongo. Kambi iliyoshinda ilifunga kitambaa chekundu kwenye mlingoti wake. Watu walitazama vitambaa, wakaweka dau: huyu jogoo, yule mbuzi.

Salehe, msuka mikeka, hakuishia kwenye vitambaa. Alitaka kujua aliyeshindwa alikuwa ametoka kufanya nini. Wanyamwezi walikuwa wameshindwa mara moja tu, tena baada ya kushusha mataruma ya reli kutwa nzima ya Jumamosi. Kinole hawakuwa wameshindwa kabisa. Ila shindano lao na Wamanyema lilivunjwa na mvua, likasogezwa hadi asubuhi ya Jumapili ya mwisho ya mashindano. Alasiri hiyo hiyo wangekabiliana na Wanyamwezi, ambao asubuhi yote wangekuwa wamejinyoosha kivulini.

Nahodha wa Kinole alikuwa Abasi, kaka wa Mwajuma, mkewe Salehe. Jumamosi alipita kwa Salehe kula.

"Shemeji, kesho unatuwekea nini?"

Salehe akacheka, akageuza mazungumzo. Tayari alikuwa amewekeana dau, mbuzi kwa mbuzi, na Petro, muuza tumbaku, kwamba Kinole watashindwa na Wanyamwezi.

Asubuhi Kinole waliwashinda Wamanyema, lakini kwa kuvutana mpaka miguu ikawa inatetemeka. Alasiri, mbele ya Wanyamwezi, hawakuwa na nguvu tena. Wenzake walipoachia, Abasi, aliyejifunga kamba kiunoni nyuma ya wote, akaburutwa uwanjani. Viganja vikachunika, bega likateguka.

Salehe aliporudi nyumbani na mbuzi wa Petro, Mwajuma alikuwa akimkanda kaka yake kwa maji ya moto.

"Mbuzi wa nani huyo?"

"Wa Petro. Nimemshinda."

Kwamba Petro aliwaunga mkono Kinole, mji mzima ulijua. Abasi akainua uso.

"Ulijua tangu lini, shemeji?"

"Tangu mvua ilipovunja lile shindano. Mpangilio ulikuwa wazi, yeyote angeuona."

"Sisi tulikuwa kwenye kamba. Jana nimekula hapa hapa. Ungesema neno moja, tungemwomba msimamizi wa mashindano atusogezee siku."

Salehe akamshika mbuzi kamba, akatoka naye. Mbuzi alimrudishia Petro, ambaye alidhani mwenzake amerukwa na akili. Bega la Abasi halikupona sawasawa. Abasi akaacha kazi ya reli, akarudi Kinole kwenye migomba yake, akifundisha vijana kuvuta kamba.

Mashindano yalipokaribia tena, Salehe alipanda mlima hadi Kinole. Hakuwa ameweka dau lolote. Aliketi mbele ya shemeji yake akamweleza nani atavuta na nani, na nani atakuwa amechoka. Abasi alisikiliza huku akimenya ndizi, bila kumtazama. Kisha akauliza:

"Na Wazaramo je, wao watapumzika lini?"